Deki ya sidii ya kusikilizia nyumbani: kuanzia Luthuli hadi sebuleni

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kununua deki ya sidii, beba sidii zako mwenyewe. Ukisahau mengine yote nitakayoandika hapa, hilo moja usilisahau. Muuzaji ana sidii yake ya kuonyeshea wateja, na ameichagua kwa makini kuliko alivyochagua deki: besi ya kutikisa vioo vya kabati, ngoma za kompyuta mwanzo mwisho, hakuna mtu anayeimba taratibu, hakuna hata sekunde mbili za kimya. Deki ameiunganisha na sabufa yenye taa za rangi, sauti ameipandisha, na huko nje matatu inapiga honi. Katika hali hiyo kila deki ni nzuri.

Mimi nimenunua deki sita tangu nianze kazi, nne zikiwa za mitumba. Mbili kati ya hizo nne zilikufa mikononi mwangu, moja kwa ujinga wangu mwenyewe, na nitaieleza mbele ili usiirudie. Kwa nini sidii bado, wakati simu ina kila kitu? Kwangu sababu ni sanduku. Nina sanduku la rumba, benga, taarab na kwaya, na baadhi ya nyimbo hizo sijawahi kuzipata mtandaoni. Nyingine zipo, ila aliyeziweka alizirekodi kutoka kwenye kaseti iliyolegea. Halafu sidii haili bando. Kama huna sanduku la namna hiyo na hutarajii kuwa nalo, nunua spika nzuri uendelee na simu yako kwa amani.

Hatua ya kwanza: pakia mfuko wa majaribio

Sidii nne zinatosha.

Ya kwanza iwe halisi, ya kiwandani, na uwe unaijua kama unavyoijua njia ya kwenda kwenu. Chagua yenye sauti ya mtu na ala chache: gitaa kavu, nyatiti, udi, kwaya isiyo na vishindo. Ngoma za kompyuta huficha makosa ya mashine kwa sababu hakuna ajuaye zinapaswa kulia vipi. Sauti ya binadamu umeisikia tangu siku uliyozaliwa, kwa hiyo ikipinda kidogo tu utajua, hata kama huwezi kueleza imepinda wapi.

Ya pili iwe ndefu, ya dakika 70 au zaidi. Sidii husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri. Ule mstari unaosomwa una urefu wa kilomita 5 hivi, umezungushwa zaidi ya mara elfu ishirini ndani ya sahani ya sentimita 12. Mwanzoni deki huizungusha sidii kwa kasi ya mizunguko 500 hivi kwa dakika, na ikikaribia ukingo inashuka hadi 200. Deki iliyochoka itakuchezea wimbo wa kwanza bila doa, na wa pili, na wa tatu. Ikifika wa kumi na nne inaanza kukwama kama mtoto anayesoma Kiswahili cha mitihani. Muuzaji hatakungojea dakika 70. Wewe bonyeza wimbo wa mwisho moja kwa moja, kisha urudi wa kwanza, kisha wa mwisho tena. Deki nzima hufika huko kwa sekunde mbili tatu bila kutoa mlio wa kukwaruza.

Ya tatu iwe na mikwaruzo kidogo, ile ambayo watoto waliigeuza gari. Sidii huwekewa hesabu za kujirekebisha, hivi kwamba mkwaruzo ukifuta milimita mbili za mstari, deki yenye lenzi nzima hulijaza pengo na wewe husikii kitu. Deki mbili zikicheza sidii hiyo moja, moja ikapita na nyingine ikaruka, umeshapata jibu ambalo hakuna boksi litakalokuandikia.

Ya nne iwe ya kuchomwa kwenye kompyuta. Sidii ya kuchomwa huakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na ile ya kuandikwa na kufutwa huakisi kidogo zaidi mno. Deki nyingi za miaka ya 80 na mwanzo wa 90 zinaweza kuikataa kabisa. Kama nyimbo zako za arusi na za kwaya ya kanisani ni za kuchomwa, na nyingi za kwetu ni hivyo, jaribio hili ndilo litakaloamua.

Hatua ya pili: angalia ulichonacho kabla ya kutoka nyumbani

Hapa nitasema jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Kama nyumbani una sabufa yenye vispika viwili vidogo kama mikebe ya majani chai, deki ya bei kubwa haitabadilisha chochote. Ni kama kununua mchele wa Mwea pishori kisha kuupika na maji ya chumvi ya kisima. Mimi nikiwa na shilingi kumi, sita napeleka kwenye spika, tatu kwenye amplifaya, moja kwenye deki. Wako watakaobisha mgao huo. Wabishe, lakini hakuna atakayeugeuza juu chini akakuonyesha sebule inayolia vizuri.

Sasa geuza amplifaya yako uangalie mgongo wake. Matundu mawili, jekundu na jeupe, ni ya sauti ya kawaida. Ukiona tundu moja la duara lililoandikwa COAXIAL, au kijitundu cha mraba chenye kifuniko kilichoandikwa OPTICAL, amplifaya yako inapokea namba moja kwa moja, na hilo linabadilisha ununuzi wako wote.

Deki ya sidii hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma: leza inapiga mwanga chini ya sahani, mwanga unarudi, namba zinahesabiwa. Ya pili ni kuzigeuza namba hizo kuwa sauti, na kazi hiyo hufanywa na kigeuzi, kile ambacho kwenye boksi huandikwa DAC. Amplifaya yenye matundu ya kidijitali ina kigeuzi chake ndani. Kwa hiyo unachohitaji kutoka kwa deki ni kusoma tu, na hapo huenda usihitaji kununua kitu: ile deki ya DVD iliyolala chini ya televisheni tangu watu waache filamu za kukodi, nyingi zina tundu la COAXIAL nyuma. Nunua waya mmoja, unganisha, sikiliza wiki nzima. Nimewaambia marafiki watatu wafanye hivyo na wawili hawakurudi tena dukani.

Ubaya wa deki ya DVD ni mwingine. Ni nyepesi, injini yake ina kelele, inachukua muda kuitambua sidii, na mara nyingi bila televisheni kuwaka hujui uko wimbo wa ngapi. Wakati wimbo mmoja umeunganika na mwingine, kama kwenye rekodi za jukwaani, baadhi yao huweka kijipengo katikati, makofi yanakatika kama mtu aliyezima stima. Kama mambo hayo yatakukera kila jioni, basi nunua deki ya sidii tupu, isiyofanya kazi nyingine.

Hatua ya tatu: jua ni sahani zipi utacheza

Sidii ya kawaida ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, na kanuni zake hazijabadilika tangu Sony na Philips wazipange: sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya 65,536. Kwa sikio la mtu mzima, ambalo likiwa na bahati linafika mitetemo 20,000 kwa sekunde, hiyo inatosha. Sahani ya 1982 inacheza kwenye deki ya leo, na ya leo inacheza kwenye deki ya 1982.

Baadaye, mwaka 1999, ikaja SACD (Super Audio CD), ambayo hupima sauti kwa njia nyingine kabisa, zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Inahitaji deki yake. Sahani nyingi za SACD zina tabaka mbili, kwa hiyo deki ya kawaida itacheza tabaka ya sidii, ila ile tabaka ya SACD haitaiona. Je, ulipie deki ya SACD ukiwa Nairobi? Ukiwa unasikiliza jazi na muziki wa okestra, na una ndugu ughaibuni wa kukutumia sahani, ndiyo. Kama sanduku lako ni kama langu, hapana. Rumba na benga nyingi tulizo nazo kwenye sidii zilihamishwa kutoka kwenye santuri au utepe wa studio, na kilichokosekana siku ile ya kurekodi hakiletwi na deki. Mwenye kutaka vyote kwa mpigo aangalie deki za Blu-ray zinazosoma SACD pia, kwa mfano Sony UBP-X800M2, akijua kwamba ananunua mashine ya filamu iliyojifunza muziki.

MP3 ni suala la ndiyo au hapana. Kama una sahani zile za kuuzwa barabarani zenye nyimbo mia moja hamsini, uliza kama deki inazisoma. Deki nyingi nzuri za zamani hazisomi.

Hatua ya nne: namba za kwenye boksi

Pita haraka. "24-bit/192 kHz" ikiandikwa kwenye deki ya sidii haimaanishi kwamba sahani yako imeongezeka kitu, sahani ni ile ile ya biti 16, yaani zile ngazi 65,536. Aina ya chipu ya kigeuzi ni maneno ya kuvutia vijiweni, na tofauti kati ya chipu mbili nzuri ni ndogo kuliko tofauti utakayoipata ukisogeza spika zako hatua moja kutoka ukutani. Ninachoangalia kwenye karatasi ni vitu vitatu tu: voltesi za stima inazotumia, matundu yaliyoko nyuma, na kama ina tundu la hedifoni lenye kitufe chake cha sauti. Hili la mwisho ni kwa sisi wa fleti, ambao ukuta wetu ndio ukuta wa jirani na dari yetu ndiyo sakafu ya mtoto wa jirani anayeamka saa kumi na moja. Marantz CD6007 inalo. Nyingi za bei yake hazina.

Hatua ya tano: mpya au mtumba

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa.

Mpya ina faida moja kubwa: lenzi haijatumika. Leza ya sidii huzeeka, na kila saa unayocheza inapunguza. Mtumba unanunua lenzi usiyoijua imefanya kazi saa ngapi. Ila deki mpya za bei nafuu ni chache siku hizi. Viwanda vingi vimeacha, na zile za Yamaha, Denon, NAD au Cambridge Audio utazipata kwa kuagiza au kwenye maduka machache ya vifaa vya muziki, kwa bei ambayo mwenzi wako atataka kuelezwa mara mbili. Mtumba, kwa upande wake, unaweza kukupa kwa elfu sita mashine ambayo mpya ingekugharimu mshahara.

Swali la kwanza kwa mtumba si jina lake. Ni hili: lenzi yake inapatikana? Siku itakapokufa, na itakufa, kila kitu kingine ndani ya deki kitakuwa kizima, kigeuzi, transfoma, hata taa, na yote hayo hayatakusaidia bila kipande kidogo kama kiberiti. Lenzi inayoitwa KSS-213 iliwekwa ndani ya deki za makampuni mengi, na nakala zake bado zinatengenezwa. Ukiulizia Luthuli au kwa mafundi wa River Road, uwezekano wa kuipata ni mzuri. Kinyume chake ni zile deki za miaka ya 80 ambazo lenzi yake iko kwenye mkono unaozunguka kama wa santuri. Zinalia vizuri sana, wapenzi wake huko Ulaya wanaziabudu, na hazitengenezwi tena. Deki yangu ya pili ilikuwa ya namna hiyo. Ilinichezea miaka miwili, ikafa Jumapili moja mchana, na leo ni mahali pa kuwekea chungu cha maua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua simu, tafuta modeli ya deki hiyo pamoja na neno "laser", uone ni lenzi gani, kisha vuka barabara uulize bei yake. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii haitasumbua, hii ni eksi-UK orijino." Mwambie sawa, narudi. Atakuwepo.

Swali la pili ni voltesi, na hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Nilinunua deki ya Kijapani kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Nzito, ya rangi ya dhahabu, vitufe vinabonyezeka kama siagi. Plagi yake ilikuwa na vyuma viwili bapa, nikaona hilo ni jambo dogo, nikaikata nikafunga plagi yetu ya vyuma vitatu. Nikachomeka. Taa iliwaka kijani, kijani kizuri ajabu, kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha ikasikika sauti kama ya mafuta yakipokea kitunguu, na harufu. Mke wangu alitoka jikoni akitaka kujua nimechoma nini, na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Nyuma ya deki, chini ya vumbi ambalo sikulifuta, palikuwa na maandishi madogo: AC 100V.

Stima yetu ni voltesi 240. Ya Japani ni 100, ya Marekani ni 120. Ya Uingereza ni kama yetu na hata plagi ni ile ile, ndiyo maana eksi-UK huchomekwa moja kwa moja. Deki ya Japani si lazima uikimbie, ila inunue pamoja na transfoma ya kushusha stima, na uiweke bei hiyo kwenye hesabu. Deki ya sidii haili stima nyingi, kwa kawaida wati 20 au chini, kwa hiyo transfoma ndogo ya wati 100 inaitosha na kubaki. Futa vumbi kwanza, soma, ndipo uchomeke.

Baada ya hapo fanya ukaguzi, na usione haya kuchukua muda. Bonyeza kitufe cha kufungua trei mara kumi mfululizo. Ikisita, au ikitoka nusu ikarudi, belti yake ya mpira imelegea. Hiyo isikutishe, ni ukarabati wa bei ya chakula cha mchana, ila itumie kupunguza bei. Weka sidii yako uhesabu sekunde mpaka skrini ionyeshe idadi ya nyimbo. Zikipita kumi, lenzi ni chafu au imechoka. Sikiliza kwa sikio karibu na kifuniko: mvumo mwepesi ni sawa, kukwaruza au kugonga si sawa. Iache ichemke dakika ishirini huku ukinywa chai, kwa sababu kuna deki ambazo huugua zikipata joto tu. Ipindue uangalie chini kama kuna skrubu za safari, zile zinazofunga injini isiyumbe wakati wa kuhamishwa. Zikiwa bado zimekazwa deki haitacheza, na nimewahi kupunguziwa deki "mbovu" ambayo ubovu wake ulikuwa skrubu mbili. Usifungue kifuniko ukachungulia leza ikiwa inafanya kazi. Mwanga wake jicho halitauona, lakini unaweza kuliumiza.

Na rimoti. Beba betri zako. Deki nyingi zimeficha nusu ya kazi zake kwenye rimoti, na muuzaji akisema "rimoti iko stoo", rimoti haiko stoo.

Lipa M-Pesa ukishajaribu, si kabla, na risiti iandikwe namba ya mashine. Wiki mbili za kurudisha ni ombi la kawaida, wengi watakubali wiki moja.

Neno kuhusu kubadilisha lenzi, maana watu wengi hutupa deki nzima hapa. Lenzi mpya ya KSS-213 huja na tone dogo la lehemu kwenye bodi yake, limewekwa kiwandani kuunganisha nukta mbili ili umeme wa mikononi usiiue leza njiani. Fundi anapomaliza kuifunga lazima aliondoe tone hilo. Deki yangu ya nne ilibadilishwa lenzi, ikakataa kusoma, ikabadilishwa nyingine, ikakataa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja ghorofani River Road, fundi tangu enzi za redio za mbao, mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kichwani kwa mpira wa soksi. Aliitazama kidogo, akacheka, akasema, "Kijana, huyu amefungwa mdomo." Akaligusa tone kwa ncha ya chuma cha kuchomea, likayeyuka, akaweka sidii. Ikaimba. Alitaka mia tatu. Nilimpa mia tano na bado naona nilimpunja.

Hatua ya sita: kusikiliza bila kudanganywa na sikio lako

Deki nyingi hutoa voltesi 2 za sauti, nyingine zaidi kidogo, nyingine pungufu. Inayotoa zaidi italia kwa nguvu zaidi, na sikio likilinganisha mbili huichagua ile ya nguvu na kuiita "safi". Wauzaji wanalijua hilo kuliko wahandisi. Kwa hiyo ukilinganisha deki mbili, pakua programu ya kupima kelele kwenye simu, iweke pale utakapokaa, cheza wimbo ule ule kwenye kila moja, na urekebishe amplifaya mpaka namba zilingane. Ndipo usikilize.

Sikiliza mambo machache. Mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya mstari, unaisikia? Besi ya gitaa inapokoma, inakoma au inabaki ikijikokota? Kayamba na sahani za ngoma zinanong'ona au zinatoa "shhh" kama mafuta ya kukaangia? Kati ya wimbo na wimbo, kuna kimya au kuna mvumo? Mvumo mzito usiokoma mara nyingi si wa deki, ni waya au stima ya duka, kwa hiyo badilisha waya kabla ya kuilaumu.

Kisha mwombe mtu mwingine abadilishe deki wewe ukiwa umegeuka, bila kukuambia ipi ni ipi. Ukikosea mara nyingi kama unavyopatia, chukua ya bei ndogo. Mimi nilikosea, kati ya deki ya elfu saba na ya elfu arobaini. Iliniuma siku nzima, kisha nikanunua spika.

Hatua ya saba: mahali pa kuiweka

Usiiweke juu ya amplifaya, joto litaipika. Usiiweke juu ya sabufa, hata kama hapo ndipo inapoonekana vizuri, kwa sababu lenzi inaelea kwenye vinyaya vyembamba na kila pigo la besi linaiyumbisha. Iweke mahali sawa, pasipoinama. Na kile kitambaa cheupe cha kufumwa ambacho mama au shangazi atakifunika juu ya deki ili ipendeze, kiondoe kwa heshima, kwa sababu kinaziba matundu ya hewa. Mimi nilipata amani kwa kukihamishia juu ya redio iliyokufa.

Nunua gadi ya stima, zile ambazo watu hufungia friji na televisheni. Stima inaporudi baada ya kupotea huja kwa kishindo, na gadi huisubirisha dakika chache kabla ya kuipitisha. Usipokuwa nayo, stima ikipotea toa plagi ukutani, urudishe baadaye.

Vumbi ni adui wa pili, hasa Januari na Februari, na hasa ukikaa karibu na barabara inayojengwa. Usiache trei wazi. Sidii zenyewe zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia deki huuruka, mkwaruzo unaoifuata njia huipoteza. Na jihadhari zaidi na upande wenye maandishi kuliko upande unaong'aa. Watu hudhani ni kinyume. Chini kuna plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, lakini juu, karatasi ya chuma inayobeba muziki imefunikwa na rangi nyembamba tu. Ukiinyanyua sidii kwenye balbu ukaona vitobo vya mwanga, hapo muziki umeshatoka na hautarudi.

Lenzi isafishwe ikianza kusita, si kila wiki. Pamba laini ya kijiti, tone moja la alkoholi ya isopropili, gusa kama unayepangusa jicho la mtoto, uache ikauke. Spiriti ya kupaka vidonda iache, nyingine huwa na mafuta.

Mwisho chukua kipande cha karatasi, andika modeli ya deki, namba ya lenzi, na mahali ulipoulizia bei yake, kisha kibandike kwa selotepu chini ya deki. Siku itakapokataa kusoma utakuwa na hasira, na hutakumbuka.